Linazunguka, Haliwaki

Tarehe 6, mwezi wa tano

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, meno yangu yote ninayo isipokuwa yaliyotoka. Chai najipikia, kavu. Kopo la tangawizi la mama yako liko palepale, unajua kitu hicho sikigusi. Sijalia tangu tulipomzika. Watu wananitazama usoni kama wanaosubiri mvua.

Nakuandikia kwa ajili ya gari. Wewe unauza spea, utanielewa. Siku ile mama yako alipoanguka, upande mmoja ulilala na mdomo ukakataa. Nilimbeba mwenyewe, na uzee huu, nikamweka kiti cha mbele. Nikatia ufunguo. Stata inazunguka vizuri, gari haliwaki. Nikapiga tena, na tena. Yeye ananyoosha ule mkono mzima, anaonyesha jikoni. Nikamletea maji, akayasukuma. Akapiga dashibodi, akaonyesha jikoni tena. Nikasema, aa, anadhani ameacha jiko linawaka. Nikaenda kutazama, nikarudi nikamwambia, "Jiko limezimwa, mama watoto, tulia." Akafumba macho.

Jirani wa geti akatupeleka na pikapu yake. Daktari akaniuliza, "Mbona mmechelewa?" Nikasema gari. Akasema, "Gari limefanyaje?" Nikakosa jibu. Mimi! Niliyeshusha lori la mbao mlimani breki zimekufa, na chai yangu haikumwagika!

Jibu hilo nalitaka. Fundi simtaki, nitalitafuta mwenyewe. Wewe nijibu tu nikikuuliza.

Baba yako


Tarehe 19, mwezi wa tano

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Sisi wazima, kazi ni ileile, kaunta na vumbi la makatoni. Unakula lakini?

Baba, gari hilo liuze. Tulilinunua likiwa limeshachoka, aliyekuwa nalo mwanzo alilimaliza. Ukijua lilikuwa na nini, itakusaidia nini? Na macho je? Mama alinipigia simu siku ile ulipogonga geti la jirani. Alisema umemwahidi kwenda kwa daktari wa macho.

Mwanao


Tarehe 2, mwezi wa sita

Mwanangu,

Marahaba. Nakula, usijali. Barua yako nimeisoma kwa taabu, wino wa huko ni hafifu mno. Andika herufi kubwa. Macho yangu hayana neno. Lile geti lilikuwa limejitokeza barabarani, hata mwenyewe anajua.

Sasa sikia kazi. Betri nzima, ingekuwa imekufa stata isingezunguka vile. Petroli imo, nimegonga tangi likanijibu kwa sauti nzito. Nikachomoa plagi moja, nikaiweka kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini. Nikamwita jirani aangalie, mimi nikaingia ndani kupiga stata.

"Unaona cheche?"

"Naona, mzee. Ya buluu kabisa."

"Hata mimi nimeiona."

"Umeionaje, mzee? Wewe uko ndani na boneti imekuziba!"

Mtu huyu ana mdomo. Lakini moto upo. Ila plagi ilitoka kavu, haina hata harufu ya petroli. Maana yake mafuta hayafiki. Ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata, pampu kule nyuma hunguruma kidogo, kama paka anayesuguliwa shingo. Nimelaza sikio kwenye kiti cha nyuma. Kimya. Pampu isiposema, shida ni nini? Wewe ndiye wa dukani.

Baba yako


Tarehe 15, mwezi wa saba

BABA, SHIKAMOO.

NISAMEHE KWA KUCHELEWA. NILIIANZA BARUA HII NIKAICHANA, NIKAIANZA TENA. NATUMAI U MZIMA.

PAMPU ITAKUWA IMEKUFA. HUTOKEA. HAKUNA MWENYE KOSA. MWAMBIE DAKTARI PAMPU ILIKUFA, BASI. UZA GARI KAMA CHUMA CHAKAVU, NAKUOMBA, BABA.

MWANAO


Tarehe 28, mwezi wa saba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kama chuma, ila goti.

Pampu haijafa. Nilifungua kiti cha nyuma, nikavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri mpaka kwenye pampu. Jirani akakimbilia barabarani, anapiga kelele, "Mzee, utatulipua!" Nikagusisha. Ikanguruma, nzima kabisa. Kwa hiyo ni umeme ndio hauendi.

Nikaufuata waya mpaka kwenye kile kiboksi chini ya boneti. Nikapapasa. Vidole vyangu vinaona kuliko macho ya vijana wengi. Fyuzi zote zimekaa. Halafu pana tundu tupu, la mraba. Rilei ya pampu, kile kidude kinachoipitishia umeme, haipo. Kitu kikiungua hubaki mahali pake kimeungua, hakiondoki kwa miguu. Hiki kimechomolewa. Mwizi gani anabeba rilei anaacha betri? Na kifuniko kimerudishwa vizuri, vibanio vyote viwili. Mtu mwenye utaratibu.

Nani huchomoa kitu kama hicho, mwanangu? Nijibu.

Baba yako


Tarehe 10, mwezi wa tisa

Mwanangu,

U mzima? Hujajibu. Posta nakwenda, karani ameshanibandika jina, ananiita Mzee Rilei.

Juzi nilikaa kwenye kiti cha dereva, boneti iko juu, sifanyi lolote. Nikahamia upande wa mama yako. Nikapiga dashibodi kama alivyopiga. Nikanyoosha mkono kama alivyonyoosha. Mkono haukwenda chini, kwenye jiko. Ulikwenda juu, dirishani, kwenye rafu. Yeye alionyesha jikoni. Jiko nililitia mimi.

Rilei ilikuwa pale rafuni, ndani ya kopo la tangawizi, chini kabisa, ameifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mahali ambapo mimi siwezi kutia mkono.

Nikaichomeka. Gari likawaka mara moja. Nikalisikiliza. Likanguruma vizuri tu, halina lawama. Nikalizima.

Mama yako hata boneti hakujua inavyofunguliwa. Kuna aliyemwelekeza kwa simu, pole pole, kidude kwa kidude, mtu anayeviuza. Sikuulizi. Mngeniambia nisiendeshe tena, ningebisha, ningenunua nyingine siku hiyohiyo. Watoto wa jirani huegemea geti lile wakicheza. Siku niliyoligonga walikuwa wameitwa kula.

Rilei nimeirudisha koponi, kwenye kitambaa chake. Funguo nimempa jirani. Akazipokea kwa mikono miwili. Kwa yule daktari aliyeniuliza sikwenda, hilo ni jibu la nyumbani. Tangawizi bado siipendi.

Bado sijalia. Wewe kama umelia, basi umetulilia sote wawili.

Niandikie. Andika herufi kubwa kuliko zile. Siyo wino, mwanangu. Sioni.

Baba yako