Hesabu ya Chembe Pacha

Kamenge, Bujumbura
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje na hizi mvua? Na baba, bado anakataa kuvaa miwani aliyonunuliwa na Kurwa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho iko juu juu. Nakuandikia badala ya kupiga simu maana ukisikia sauti yangu tu utajua nimelia, nawe utaanza kufunga mizigo uje huku.

Uliwahi kuniuliza ninasomea nini hasa, nikajibu fizikia, ukacheka. Leo nitakueleza vizuri, maana ndiyo inayonitoa jasho. Kuna chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Ukiirusha moja kuelekea nyingine yenye chaji ya aina ile ile, zinasukumana na kupotoka. Kazi yangu ni kukokotoa ni ngapi zitapotoka na kwa pembe ipi. Sizirushi mimi, mashine hiyo hatuna. Nina karatasi, kompyuta, na programu aliyoiandika profesa wangu zamani, ambayo kila mwanafunzi wake huirithi bila kuuliza.

Mimi nikauliza. Chembe zangu, inayorushwa na inayopigwa, zinafanana kabisa. Zikishaachana hakuna awezaye kusema ipi ni ipi, kama majirani walivyokuwa wakituchanganya mimi na Kurwa. Lakini programu inazihesabu kama vitu viwili tofauti, na kwenye pembe mraba inatoa nusu tu ya kile walichopima wenye mashine. Nilirudia kwa mkono mara tatu, mama. Kosa liko palepale.

Jumatatu nilimpelekea profesa. Aliangalia karatasi, kisha akazikunja na kunirudishia.

“Sikia, mutoto,” akasema. “Juri hawataona kitu. We chukua kwanza diplome, ile ingine tutatengeneza kisha. Mi hii programu nimefundishia watu miaka yote. Apana kunipatisha haya mbele ya benzangu.”

Si mtu mbaya. Ndiye aliyenitafutia chumba hiki, na nilipougua malaria mke wake aliniletea uji. Ndiyo maana naogopa zaidi. Ijumaa natetea kazi yangu mbele ya juri, yaani walimu watakaonihoji, na profesa ndiye atakayesoma ripoti juu yangu. Akisema sifai, miaka yangu miwili imekwenda na maji. Chakula hakipiti. Mama mwenye nyumba ameshaniuliza, “We, tumbo iko na nini?” Nikamdanganya kuwa ni joto.

Nisalimie baba, na shangazi wa Kasulu, na yule mwalimu wangu wa hesabu akipita dukani kwako. Kurwa mwambie aache kujitapa kuwa yeye ndiye jasiri, aje akae kwenye kiti changu wiki hii moja tu.

Mama, leo asubuhi nimekabidhi nakala nne za kazi yangu sekretarieti. Ndani nimeweka hesabu yangu ya mkono, na nimeandika wazi kwamba ile ya programu ina kosa. Profesa hajui. Nakala yake ataikuta mezani kesho, na siwezi tena kwenda kuichukua. Nikitokea hapo mlangoni Jumamosi na begi langu, nipe chakula kwanza, ndipo uniulize.

Mwanao,
Doto