Makande ya Uswisi

Baba Eliakunda,

Makande yako jikoni, yapashe moto. Mbuzi nimeshawanywesha. Nimekwenda Mwanga kumrudishia dada begi lake.

Asubuhi mwanao alipiga simu. Nikamwambia nimepata ndege ya bei nafuu, ile ya kubadilisha mara tatu, na kwamba nitalala chini kwake na chakula nitabeba mwenyewe, maana Uswisi kila kitu ghali. Akaniuliza, "Kwani unakuja, mama?"

Unakumbuka ule ujumbe wake, "Msiwe na wasiwasi, mama atanilea nikijifungua"? Tukafurahi, nikaanza kuhangaikia pasipoti. Kumbe alimaanisha mama mkwe wake. Huyo naye anamwita mama. Chumba cha mgeni ni kimoja, na ameshahamia.

Sikulia kwenye simu. Nilimwambia nilikuwa namtania tu.

~~Usimpigie.~~ Mpigie jioni, umuulize kama miguu bado inavimba. Usimwambie habari ya begi.

Hayo makande ni yale mahindi na maharage niliyochambua ya safari. Kula, usiyabakize. Sitaki kuyakuta nikirudi.

Mama Eliakunda,
yule wa Same