Kiti cha Presha Mnadani

Galway, 3 Februari

Baba mpenzi,

Hujambo? Mgongo je? Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Chuo kimenipa kazi ya usaidizi wa utafiti pamoja na masomo yangu ya uzamili. Kila Jumamosi naweka meza kwenye mnada wa ng'ombe wa Ballinrath niwapime wafugaji presha, maana wanaume wa huko hawamwoni daktari mpaka wabebwe. Hata kwangu hawaji. Mmoja kaniuliza, "Binti, unaninunua kwa kilo au mzimamzima?" Profesa Hanratty, msimamizi wangu, anasema wasipojitokeza kabla ya Pasaka utafiti unafungwa, na tasnifu yangu inakufa nao.

Binti yako,
Muireann

Kilcorran, 9 Februari

Mwanangu,

Salamu zimefika. Mgongo upo, unanung'unika kama shangazi yako. Nikipanda mlima pumzi inakata kidogo, ni uzee tu. Wiki ijayo nina ndama wa kuuza, nitapita nikuone ukitetemeka. Kupimwa usiniambie. Ng'ombe wangu wana daktari, inatosha.

Baba yako

Galway, 19 Februari

Baba,

Natumaini u mzima, maana simu hupokei. Jumamosi ulikaa kitini kunitania, ukawaambia wenzako, "Mwacheni ampime fahali." Wakacheka. Nilipoona namba ilivyopanda sikucheka. Nikapima mkono wa pili, ikawa vilevile. Nilikusihi uende hospitali papo hapo, ukasema lori linasubiri. Kama umekasirika kwamba nilikupazia sauti mbele ya watu, kasirika ukiwa kwa daktari. Nina mzazi mmoja tu.

Mwanao,
Muireann

Kilcorran, 4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sasa sijambo kweli. Kimya changu kilikuwa cha aibu, na cha woga. Barua yako niliisomea getini, nikaenda hospitali na mabuti yangu ya zizini. Mshipa wa moyo ulikuwa karibu kuziba, wameuzibua. Daktari akauliza nani kanituma. Nikamwambia. Akasema, "Binti yako kakuwahi." Sikukuita kwa sababu ya mitihani yako. Nimekatazwa siagi, na nimeamriwa kutembea kila siku.

Baba yako

Galway, 24 Machi

Baba mkaidi,

Unaendeleaje? Nilipokuja kukuona nilijikaza, lakini njiani kurudi nililia kwa furaha na hasira pamoja. Usinifiche tena. Na sijui umewaambia nini wenzako, maana jana foleni ilifika kwenye mazizi ya kondoo. Yule wa kilo kakunja shati mwenyewe: "Nipime. Mke wangu kasimama mlangoni, sina pa kukimbilia." Profesa kaongeza kiti, na utafiti unaendelea. Ila wewe huhesabiwi. Baba wa mpimaji haruhusiwi.

Mwanao,
Muireann

Kilcorran, 14 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Natumaini unakula vizuri. Nisipohesabiwa si neno. Kila asubuhi natembea hadi ziwani, wala si peke yangu. Nuala Geraghty, mjane wa mwalimu, ana goti bovu, naye kaamriwa atembee. Mwendo wetu wa kinyonga, maneno mengi. Jana kaniuliza kama najua kucheza dansi. Nikasema zamani nilijua. Ijumaa ijayo tunakwenda ukumbini. Nimenunua shati la bluu. Niambie kweli, mtu wa umri wangu akilivaa atachekwa?

Baba yako

Galway, 16 Aprili

Baba,

Sijambo, nacheka peke yangu. Livae. Wakikucheka, wewe cheza.

Mwanao,
Muireann