Sifa Nilizosikia Nikiwa Nimefungwa

Siku ya Mungu, mangaribi

Imenikamata tena, na mara hii ni muchana. Nilirudi nyumbani kutoka kanisani, nikajinyoosha kwenye kiti kirefu cha salon, nikalala, kisha ikaamuka akili peke yake. Mwili ulikataa, hata kidole. Kifuani ilikuwa kama mutu ameketi na hana haraka.

Mama mukwe alikuwa pale pembeni na jirani wetu, Mama Furaha, wanachambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha mangaribi. Nikamuita kwa nguvu zangu zote. Sauti haikutoka.

"Muache alale," akamuambia jirani. "Huyu mutoto anatumika kazi sana. Mungu alipatia kijana wangu bibi muzuri."

Miaka saba katika hii nyumba, sijawahi kusikia maneno hayo. Machozi yakanitoka, na mwili bado unakataa.

Nilipofunguka nikaketi. Mama mukwe akaniangalia.

"Umeamuka? Sahani ziko zinakungoja tangu asubuhi."

Nimepigia pasteri wetu simu. Anasema ni pepo, atakuja kesho kuniombea isinirudie tena. Na mimi naogopa kweli. Siku moja pengine sitafunguka.

Lakini nimemuambia angoje kidogo. Mama mukwe alikuwa bado hajamaliza kunisifu.