Habari Ziwafikie Ndugu na Jamaa

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
12 Machi 2000

Mjukuu wangu Ummy,

Marahaba ya salamu zako. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo mvua ikikaribia linajua kabla ya redio. Wewe je, huko Pune unakula? Mama yako kaniletea picha yako, umekuwa kama ufito. Mtu haendi Uhindi kukonda. Wahindi wa hapa mtaani mbona wamenawiri?

Mwandiko huu ni wangu, usiseme nimeandikiwa. Kisomo cha ngumbaru hatukwenda kucheza.

Nyumba inauzwa. Seifu wa marehemu mwenye nyumba na warithi wenziwe wameshakubaliana na mnunuzi, atavunja ajenge ghorofa. Siku hizi kila mtu mfanyabiashara na kila kiwanja ghorofa. Mimi sikulia, wala usiniletee pole. Ninachowaza ni mjomba wako, Mwinyi Mdogo. Alipanda meli wewe hujaanza shule, na barua yake ya mwisho ilitoka Ugiriki. Anachokijua duniani ni mlango huu na baraza hii ninayokaangia vitumbua. Siku akirudi akute ghorofa, atamuuliza nani? Majirani wenyewe wameshatawanyika.

Ulisema kwenye kompyuta mtu anaweka tangazo likasomwa hata Ugiriki. Liweke, na usichelewe.

Bibi yako.


Pune
9 Aprili 2000

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limetulia. Mimi nakula, ni picha tu.

Ukurasa nimeutengeneza. Lakini kuuweka peke yake ni kama kufungua genge uchochoroni. Watu hutafuta kwa mashine. Unaandika maneno, inakuletea kurasa zenye maneno hayo, zimepanga foleni, na wa nyuma haonekani. Ile mashine kubwa nimeijaribu. Ukiandika Kariakoo zinakuja hoteli na safari za mbugani. Sisi tumezama huko chini.

Ila kuna ndogondogo zisizo na jina. Ipo moja ya Wagiriki, nimeambiwa mabaharia kule bandarini wanaitumia. Hiyo foleni yake fupi, na inatazama sana maneno ya mwanzo wa ukurasa. Kwa hiyo nijibu hili Bibi: Mjomba akikaa kututafuta, ataandika maneno gani? Nataka jina lake kamili na lako.

Mjukuu wako, Ummy.


Narung'ombe
2 Mei 2000

Ummy,

Marahaba. Sote wazima, umeme tu ndio mgonjwa.

Jina la mjomba wako unataka nilitaje mimi? Amepewa jina la baba mkwe wangu! Tangu nilipoolewa halijatoka kinywani mwangu, ndiyo maana nikamwita Mwinyi Mdogo. Muulize mama yako. Na hata ukilipata, nani amekwambia mtu hujitafuta mwenyewe?

Langu ndiyo usahau kabisa. Mwanamke wa kwetu jina lake hutangazwa mara moja, msikitini, siku aliyokufa. Wewe unataka niitwe njiani kama dawa ya mende? Andika: Mama Mwinyi, vitumbua, Narung'ombe. Inatosha. Mtaa mzima wananijua hivyo na sijapotea.

Bibi yako, asiyeuzwa.


Pune
18 Juni 2000

Shikamoo Bibi,

Habari za siku, na Kariakoo haijambo?

Nimefanya ulivyosema. Kwenye mashine ya Wagiriki sasa sisi ndio wa kwanza, ukiandika Mama Mwinyi Narung'ombe. Shida ni kwamba hakuna anayeandika hivyo. Mimi huona maneno aliyoandika kila mgeni mpaka akafika kwetu. Mmoja alitaka bei ya viatu vya mitumba Mchikichini. Mwingine alitaka kujua vitumbua vinapikwaje, akaniandikia, nikampa kipimo chako cha hiliki, unisamehe.

Bibi, huyu ni mtoto wako. "Mama Mwinyi" ni wewe kwa majirani. Yeye alikuwa akikuita Mama tu. Mtu mzima aliye mbali akimtafuta mama yake huandika jina la mama yake. Nakuomba.

Ummy wako.


Magomeni
20 Novemba 2000

Ummy,

Salamu nyingi, na najua ulikuwa ukingoja. Nilinuna. Sasa soma.

Nyumba wameivunja. Nimehamia Magomeni kwa Sitara, binti wa dada yangu, nimepewa chumba cha uani. Ule mlango wetu wa mbele, ule alioukwaruza mjomba wako kwa msumari akapigwa, nimeuona umeegemezwa ukutani kwa muuza mbao, unangoja mnunuzi. Nikasimama nao kidogo, kama watu wanaomngojea mgonjwa.

Siku hiyohiyo nikapita dukani kwa Jasumati, yule jirani wa vitambaa. Mkwewe Rinkal amefungua chumba cha kompyuta huko ghorofani. Nikamwambia, mwanangu, nitafute mimi. Akauliza, "Bibi, nikutafute kwa jina gani?" Nikatazama nyuma kama kuna wanaume, nikamtajia. Akaandika kwenye hiyo mashine yako ya Wagiriki. Kikatokea kiooni kimstari kimoja. Nikamuuliza kinasemaje. Akasema, "Bibi, inasema hakuna mtu huyo."

Nimesimama pale na miguu yangu miwili nikaambiwa sipo.

Haya, chukua: Siwema binti Ramadhan. Ukiliweka, liweke kwa heshima, usinitangaze kama mnada. Andika kama redioni, watu waliotawanyika ndivyo wanavyosemezwa: Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo, kwamba nyumba imevunjwa na mimi nimehamia Magomeni kwa Sitara. Neno lisipungue.

Bibi yako.


Pune
25 Februari 2001

Shikamoo Bibi,

Sijui nianzeje. Kaa kwanza, mwite na mama mdogo Sitara akae nawe.

Nililitanguliza jina lako, kwa sababu mashine inapenda jina liwe mbele, kisha nikayafuatisha maneno yako kama yalivyo. Tukawa wa kwanza. Wiki jana akafika mgeni, yuko Ugiriki. Aliandika: siwema binti ramadhan narungombe. Bibi, nilipiga kelele mpaka wenzangu wakaja mlangoni.

Lakini hakuufungua ukurasa. Mashine, kabla hujafungua, hukuonyesha kipande tu cha mwanzo, halafu inakata. Nimekwenda kukitazama nikaona alichokiona yeye. Kimeandikwa hivi:

"Siwema binti Ramadhan wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo, kwamba"

Basi. Hapo imekata.

Kesho yake akarudi mtu kutoka kulekule. Safari hii akaufungua, lakini ukurasa wetu una picha ya baraza na mtandao wa huko ni mzito, akaondoka haujamaliza kushuka. Maneno aliyoandika ni haya: siwema binti ramadhan amefariki lini.

Hajarudi tena. Anwani hakuacha. Nisamehe Bibi.

Ummy.


Magomeni
19 Machi 2001

Ummy,

Mimi mzima. Isome tena hiyo, mimi mzima.

Sitara amelia, nikamwambia nyamaza, mimi ndiye maiti na silii. Wewe umesomeshwa mpaka Uhindi, hukuona kwamba hiyo ni sauti ya tanzia? Na maneno niliyataja mimi, kwa hiyo tusilaumiane, kazi ipo.

Na yeye ndiye namshangaa. Miaka yote hiyo, halafu unapiga hodi na kukimbia kabla hujaitikiwa! Ndivyo alivyokuwa mdogo. Ukimtuma dukani anafika mlangoni, akisikia ugomvi ndani anarudi na hela mkononi, hajauliza.

Futa yote. Futa na hiyo picha. Weka jina langu, kisha neno moja kwa herufi kubwa: SIJAFA. Hapo mashine ikate ikitaka.

Bibi yako, aliye hai.


Pune
6 Mei 2001

Shikamoo Bibi,

Unaendeleaje? Nimebadilisha siku ileile niliyoipata barua yako. Ukurasa sasa unasema ulivyotaka. Lakini mashine haikumbuki ukurasa wa leo, inakumbuka ule ilioupitia zamani, mpaka ipite tena. Ilikuwa ikipita kila baada ya wiki chache. Sasa haipiti. Nimewaandikia wenyewe kwa Kiingereza, rafiki yangu akaniandikia kwa Kigiriki. Kimya. Nasikia wamenunuliwa, wafanyakazi wameondoka, imeachwa inajiendea yenyewe.

Nimeomba watuondoe kabisa, afadhali tusionekane. Hakuna wa kuniitikia. Ukiandika jina lako bado sisi ni wa kwanza, na mstari ni uleule.

Nimetuweka kwenye mashine nyingine ndogo zote ninazozijua. Kila asubuhi natazama maneno ya wageni. Wanatafuta vitumbua.

Mjukuu wako asiyejua la kufanya.


Magomeni
3 Juni 2001

Ummy,

Marahaba, na ule.

Nimekwenda tena kwa Rinkal. Nikamwambia nionyeshe. Akanionyesha. Nikamwambia basi andika hapo juu, palepale alipoandika mwanangu, kwamba sijafa. Akasema, "Bibi, hapa ni pa kuuliza tu, si pa kujibu." Nikamwambia andika hivyohivyo. Akaandika. Ikasema hakuna kitu kama hicho.

Namjua mwanangu. Atakuwa ameshatafuta msikiti huko, au Waislamu wenzake wa melini, wakanisomea hitma. Atakuwa amenunua tende. Thawabu zake sizikatai, zitanifaa mbele, Mungu amlipe. Lakini mtoto akishamsomea mama yake hitma, amtafutie nini tena?

Wewe usiache kutazama kila asubuhi, hata kama ni vitumbua. Na huyo anayeuliza vitumbua safari hii usimpe kipimo kwanza. Muulize ni nani, na yuko bandari gani.

Mimi nimeanza kukaanga tena, hapa uani. Wateja wa Magomeni hawanijui, wananiita Mama Sitara. Nimewaambia hapana. Nimewaambia jina langu, lote, kwa sauti. Wamecheka.

Bibi yako, Siwema binti Ramadhan.