Sahani Zinazorudi

Mama Peres,

Nimekaa kwenye kibanda cha chai hapa Kondele, ng'ambo ya ofisi, na fomu yako iko mezani. Nasema ni yako kwa sababu jina lako limo ndani, kwa mwandiko wangu. Bosi ananingoja kabla ya saa nane. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana yeye namwogopa. Wewe pia nakuogopa, ila huwezi kunifukuza kazi.

Umetimiza mwezi na siku kadhaa tangu tukuzike kwenu Uyoma. Mvua ilitunyeshea katikati ya hotuba, na akina mama wa kanisa lako wakaendelea kuimba huku wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Ungewacheka. Ilipofika zamu yangu kupita mbele ya jeneza, nilisimama pale mpaka mzee mmoja akanigusa bega nisogee. Sikuwa nalia. Nilikuwa naangalia mikono yako. Ulikonda hivyo lini, Mama? Mimi nilikuona wiki tano tu kabla ya hapo, na nikaandika kwa kalamu yangu kwamba unakula bila shida.

Ngoja kwanza, nianze mahali ambapo hapaniumizi.

Siku ulipokubali kunifundisha kazi ya kukagua nyumba za wazee, hukunipeleka kwenye nyumba yoyote. Ulinipeleka kula samaki kule ufukweni. Mimi mtu wa Vihiga, nimelelewa kwa kuku na mboga, nikamuuma ngege kama mkate na mwiba ukanikaa kooni. Ukanipa tonge la ugali, ukaniambia nimeze bila kutafuna. Kisha ukavuta sahani yangu kwako, ukaanza kunitolea miiba mmoja mmoja, mimi mwanamume mzima, na meza ya pili wanatucheka wazi. "Nyathina," ukasema, mtoto wangu, na hilo hata Kidholuo changu kibovu kililielewa. "Leo nakutolea. Kesho ujifunze." Na kweli nilijifunza. Leo naweza kumchambua ngege huku naongea na simu.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kazi. Nyumba ya kwanza, chakula kilipoletwa tu, nikaona wali, maharagwe, ndizi, nikafungua fomu niweke alama. Ukanigonga kidole kwa biro yako. "Weka kalamu chini. Hizi zimepakuliwa kwa ajili yetu. Tukae mpaka wamalize, tungoje zinazorudi."

Tukangoja. Wazee walipomaliza, ulienda ukasimama mlangoni mwa jikoni kama mtu anayeomba maji ya kunywa, na sahani zikapita mbele yako zikirudi. Hukuandika kitu. Ulikuwa unaangalia tu ni ya nani imerudi imejaa. Kisha ukamwendea mwenyewe taratibu, ukakaa naye, ukajua kama ni meno, au ni mkono unaotetemeka, au ni mtu aliyefiwa na hana hamu. Na hukumuuliza mzee yeyote kama anatunzwa vizuri. Ulisema mwenye nyumba akiwa amesimama pale, mzee ataisifu tu nyumba, kwa sababu wewe utaondoka na yeye atabaki. Hayo yote niliyaandika kwenye daftari langu la bluu. Bado ninalo.

Macho yako yalipokwisha, na mwanao yuko mbali kikazi, ulichagua mwenyewe nyumba ya wazee ya kuhamia. Ulikuwa umeikagua miaka mitatu mfululizo, na ulimjua mpishi wake, Nereah. Kila Jumatano, siku ya samaki, Nereah alikaa na wasioona akawachambulia, huku akiwapigia hadithi za majirani zake. Uliniambia umechagua nyumba kwa sababu ya vidole vya mwanamke mmoja. Nilicheka. Nilidhani unatania.

Halafu Nereah akazeeka naye, akarudi kwao Port Victoria. Msimamizi mpya akaja. Samaki wa Jumatano aliendelea kuletwa, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna kilichobadilika.

Ile siku nilikuja kama mkaguzi. Nilijisikia vibaya kidogo, ati mimi nimkague mtu aliyenifundisha, nikawa nafanya mzaha mwingi kuficha. Msimamizi alitufuata hatua kwa hatua, huku akitabasamu. Ukaketi kwenye meza ya ukumbini, sahani ikawekwa mbele yako, ngege mzima, ugali, sukuma. Nikamwona samaki kwa macho yangu mawili, nikawaza, safi kabisa. Ukageuza uso ilikotoka sauti yangu.

"Kaa kidogo, tule."

Nilikuwa na nyumba nyingine mbili upande wa Mamboleo. Mtu wa boda alikuwa nje anapiga honi. Nikasema, siku nyingine, Mama.

"Kaa kidogo tu. Mpaka tumalize."

Mara mbili, Mama Peres. Wewe ambaye hukuwa mtu wa kuomba kitu mara mbili. Na mimi, mjinga wa kupindukia, nikajiambia huu ni upweke wa wazee, nitamletea zawadi nikija tena. Nikakugusa bega juu ya ile sweta nene, sikusikia hata mfupa, nikatoka. Fomu niliijaza nje, nimeiweka juu ya kiti cha pikipiki. Chakula, vizuri sana. Kuna mstari mmoja pale chini unaouliza kama mkaguzi alikaa mpaka mwisho wa mlo. Nikaandika Ndiyo.

Hukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Ulinipa kazi yangu mwenyewe niifanye, mbele ya yule msimamizi, kwa maneno ambayo wewe ndiye uliyenifundisha, na sikusikia.

Haya nimeyajua juzi juzi tu. Wiki mbili baada ya mazishi walinipigia simu nije nichukue vitu vyako, kwa kuwa mwanao alikuwa ameshasafiri. Nikafika saa ya chakula, na ilikuwa Jumatano. Nikangoja kwenye benchi, begi lako miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu uache kazi nikaona sahani zikirudi jikoni. Mama, ngege walikuwa wanarudi wazima. Wengine walikuwa wamebonyezwa kidogo kwa kidole upande mmoja, basi. Ugali umeliwa, mchuzi umelambwa. Wale wasaidizi wawili si watu wabaya, ni wasichana wanaokimbia kutoka asubuhi, na wazee ni wengi. Walimwaga samaki kwenye ndoo wakaendelea.

Yule jirani yako wa kitanda, Mama Dorsila, alinitambua kwa sauti. Akasema, "Wewe ndiye yule kijana wa Peres." Akaniambia ulikuwa unachovya ugali kwenye mchuzi tu, samaki ulimwogopa tangu mwiba ukukwame siku moja na pasiwe na mtu karibu. Nikamuuliza kama ulinikasirikia. Akafikiri kwanza. Akasema, "Hapana. Alituambia kijana wake ana haraka tu, lakini akikaa ataona. Kila Jumatano alikuwa anauliza kama umekuja."

Nililia pale kwenye benchi, Mama, nikiwa nimeshika begi lako, na msimamizi akaniletea soda.

Daktari aliandika kwamba ni mapafu. Najua. Sisemi kwamba mimi ndiye niliyekuua, usianze kunigombeza. Nasema ulikufa na njaa ya samaki, na ziwa unalisikia kwa pua kutoka dirishani, na mimi nilikuwa na dakika arobaini nikakunyima.

Nilimweleza bosi. Ni mtu mzuri, unamkumbuka. Akafunga mlango, akasema nimwachie, ukaguzi ujao utayaona hayo yote bila mimi kujichoma, na kwamba mkaguzi aliyesaini uongo hapewi tena fomu. Akaniuliza binti yangu yuko darasa la ngapi sasa. Nikatoka nimekubaliana naye. Siku nane nzima nilikubaliana naye. Usiku nalala vizuri kabisa, mchana ndio unanishinda, nikiona tu mtu anakula.

Lakini ukaguzi ujao ni mwaka ujao, Mama. Mama Dorsila ana Jumatano ngapi hapo katikati?

Jana nilirudi, bila fomu, bila kalamu. Niliomba ruhusa kama mgeni wa kawaida. Nikanawa mikono, nikakaa kati ya Dorsila na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa nyavu, nikavuta sahani zao kwangu. Nilianzia mgongoni kama ulivyonionyesha, nikashuka mbavuni, ile miiba midogo nikaitafuta kwa ncha ya kidole. Dorsila alikula tonge la kwanza kwa woga. La pili akaacha kuogopa. Mzee wa nyavu akaniuliza mimi ni mtu wa wapi, nikamwambia Vihiga, akacheka mpaka akakohoa, ati Mluhya anamchambulia Mjaluo samaki. Nikamwambia nilifundishwa na Peres. Akasema, "Basi sawa."

Wasichana wawili walisimama wakaniangalia. Mmoja akauliza kama ni vigumu kujifunza. Nikamwambia aje Jumatano ijayo akae karibu nami.

Sasa ni saa saba na nusu. Nimekata ile Ndiyo kwa mstari mmoja, nimeandika Hapana, nimesaini pembeni na chini yake nimeeleza nilichofanya na nilichokiona. Nikimaliza kukuandikia navuka barabara. Pengine kufikia jioni sitakuwa mkaguzi tena. Sawa, hawahitaji barua ya kazi kuniruhusu nichambue samaki.

Pumzika, Mama Peres. Umeningoja vya kutosha. Kila Jumatano nitakuwa pale, na ninakuahidi sitainuka mezani mpaka sahani ya mwisho irudi.

Jana sahani ya Dorsila ilirudi na miiba mitupu.

Nyathini, mtoto wako,
Musa