Masizi ya Jikoni Ukata

Shikamoo Mama,

Nyumba yetu ya hapa kijijini Ukata imesimama tena. Milango ni ileile ya zamani, na kuta nimezisiriba kwa udongo wetu mwekundu. Ila jana nilijifanya hodari wa usafi, nikasugua masizi kwenye boriti za jikoni mpaka zikang'aa. Shangazi aliingia, akashika kichwa: "Weee! Masizi ndiyo yaliyozuia wadudu wasile miti hii tangu enzi za babu yako, na wewe umeyaosha!"

Basi leo amewasha kuni mbichi, tunazifukiza boriti upya. Tumekaa humohumo tunakula ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, machozi yanatutoka, tunacheka.

Ugua pole na mguu. Ukipona nitakuja kukuchukua. Kwa sasa inuse kadi hii niliyoiandikia humu moshini, Mama. Hilo ndilo jiko lako.

Mwanao,
Severini